Pimbi Yumo Katika Ngeli Gani? Historia Fupi ya Kuainisha Mimea na Wanyama kwa Maumbile Yao

Utangulizi

Neno ngeli, ambalo sisi walimu wa sarufi hulitumia karibu kila siku, lina kazi nyingine nje ya idara yetu. Katika istilahi za biolojia za Kiswahili, viumbe hai hupangwa kwa ngazi zifuatazo: himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi na spishi. Mamalia ni ngeli. Ndege ni ngeli. Wadudu nao ni ngeli. Waliolichagua neno hili hawakukosea, kwani mwanasarufi na mwanabiolojia wanakabiliwa na swali lile lile: vitu vinavyofanana kwa upande mmoja na kutofautiana kwa upande mwingine vipangwe kwa kigezo kipi?

Makala haya yanaeleza kwa ufupi jinsi binadamu alivyojaribu kulijibu swali hilo kwa kutazama maumbile ya mimea na wanyama. Tutatumia mifano mitatu inayofahamika katika ukanda wetu, yaani mgomba, pimbi na kipunji. Hoja ya makala ni kwamba sifa inayoonekana haraka si lazima iwe sifa yenye uzito, na kwamba kila kigezo kilipobadilishwa, ndugu walitenganishwa au walikutanishwa. Mwishoni tutaona jambo hili linavyomhusu mwalimu wa Kiswahili katika nchi hizi, ambako wanafunzi wengi huja darasani wakiwa tayari na lugha nyingine ya Kibantu kinywani.

Waliotangulia

Kuainisha hakukuanzia chuo kikuu. Kila jamii inayolima, kufuga na kuwinda ina mpango wake wa viumbe. Sheria ya Musa, kwa mfano, ilitenga wanyama wanaoliwa na wasioliwa kwa sifa mbili za mwili na tabia: kwato zilizopasuka na kucheua. Mnyama mmoja aliyetajwa hapo, katika Mambo ya Walawi sura ya 11, ni wibari, ambaye ndiye pimbi wa mawe. Anahesabiwa kuwa anacheua lakini hana kwato zilizopasuka. Kumbe mnyama huyu mdogo amewasumbua waainishaji tangu zamani.

Katika Ugiriki ya karne ya 4 kabla ya Kristo, Aristotle aliandika habari za aina zipatazo 500 za wanyama. Aliwagawa katika makundi makuu mawili: wenye damu na wasio na damu. Kwake damu ilikuwa ile nyekundu, hivyo kundi la kwanza linakaribiana sana na lile tunaloliita leo wanyama wenye uti wa mgongo. Aristotle hakudanganyika kirahisi. Aliona kwamba pomboo, ingawa ana umbo la samaki na anaishi baharini, huvuta hewa, huzaa na hunyonyesha. Mwanafunzi wake, Theophrastus, alishughulikia mimea na kuigawa katika miti, vichaka, vichaka vidogo na majani.

Karne nyingi baadaye, mjini Basra, al-Jahiz aliyefariki mwaka 868 au 869 aliandika kitabu kikubwa kiitwacho Kitab al-Hayawan, yaani Kitabu cha Wanyama. Neno letu hayawani linatokana na asili hiyo hiyo ya Kiarabu. Al-Jahiz aligawa wanyama kwa namna wanavyokwenda: wanaotembea, wanaoruka, wanaoogelea na wanaotambaa. Ni mgawanyo unaoeleweka hata na mtoto, lakini unamweka popo pamoja na kunguru.

Mgomba na kazi ya Linnaeus

Hebu sasa tuutazame mgomba. Kwa macho ya kawaida mgomba ni mti: ni mrefu, una kitu kama shina, na una kivuli. Lakini ukiukata utaona kwamba kile tunachokiita shina ni vikonyo vya majani vilivyokumbatiana, kimoja ndani ya kingine. Shina halisi liko chini ya udongo. Kwa hiyo mgomba ni mmea wa jamii ya majani wenye kimo cha mti, na anayeuainisha kwa urefu na sura ya nje atauweka pamoja na mwembe, ambao si ndugu yake wa karibu.

Wataalamu wa mimea wa Ulaya walianza kutafuta vigezo vya ndani zaidi. Mwaka 1583 Andrea Cesalpino wa Italia alipendekeza kutazama matunda na mbegu. Mwingereza John Ray, katika kitabu chake cha Historia Plantarum kilichoanza kutoka mwaka 1686, alitilia mkazo tofauti kati ya mimea ambayo mbegu yake huchipua kwa jani moja na ile inayochipua kwa majani mawili. Kwa kigezo hiki mgomba unaachana na mwembe na kwenda upande wa mnazi, mahindi na tangawizi. Kigezo hicho kidogo, kilichofichwa ndani ya mbegu, kina nguvu kuliko kimo chote cha mmea.

Ndipo akaja Carl Linnaeus wa Sweden. Mwaka 1735 alichapisha Systema Naturae, kitabu chenye kurasa chache tu lakini kikubwa kwa umbo. Kwa upande wa mimea alichagua kigezo kimoja kikuu, yaani viungo vya uzazi vya ua, hasa idadi na mpangilio wa stameni, ambavyo ni viungo vya kiume vinavyobeba chavua. Alipata ngeli 24. Faida yake ilikuwa kubwa, kwani hata mwanafunzi asiye na uzoefu aliweza kuhesabu stameni na kujua mmea uwekwe wapi. Mwaka 1753, katika Species Plantarum, aliipa mimea karibu 6,000 majina ya maneno mawili, na mwaka 1758 akafanya hivyo kwa wanyama katika toleo la 10 la Systema Naturae. Utaratibu huo wa majina ndio unaotumika mpaka leo.

Lakini tazama kilichoupata mgomba. Tangawizi na manjano, kwa kuwa ua lake lina stameni moja inayofanya kazi, ziliwekwa katika ngeli ya kwanza. Mgomba, kwa kuwa una maua ya aina zaidi ya moja katika mkungu mmoja, uliwekwa katika ngeli ya 23. Leo inafahamika kwamba mgomba na tangawizi ni ndugu, na wote wamo katika oda moja. Linnaeus mwenyewe alijua kwamba mpango wake ulikuwa wa kurahisisha kazi, na kwamba mpango wa asili ulikuwa bado unatafutwa. Mwaka 1789 Mfaransa Antoine-Laurent de Jussieu alitoa mpango uliotumia sifa nyingi kwa pamoja, kila sifa ikipewa uzito wake. Hapa tunajifunza jambo la kwanza: kigezo kimoja kinaweza kurahisisha utafutaji na papo hapo kikavunja ukoo.

Linnaeus alikuwa na tahadhari zaidi kwa wanyama. Katika toleo la 1758 aliwatoa nyangumi katika kundi la samaki na kuwaingiza katika kundi aliloliita Mammalia, kwa maana ya wanyama wenye matiti.

Pale maumbile yalipotumiwa vibaya

Hatuwezi kusimulia historia hii bila kutaja upande wake mchungu. Katika kitabu hicho hicho cha mwaka 1758, Linnaeus aligawa binadamu katika makundi manne kwa kufuata mabara na rangi ya ngozi, kisha akalipa kila kundi tabia yake. Mzungu alisemekana kuongozwa na sheria, na Mwafrika kuongozwa na matakwa ya papo kwa papo. Haya hayakuwa maelezo ya mwili tena. Ilikuwa ni dharau iliyovikwa joho la elimu.

Sisi wa ukanda wa Maziwa Makuu tunajua mambo hayo yalifika wapi. Wakoloni walipima pua na vimo vya watu wakidai kuthibitisha kwamba majirani wenye lugha moja walikuwa mbari tofauti. Nchini Rwanda, katika miaka ya 1930, utawala wa Kibelgiji ulianza kutoa vitambulisho vilivyoandikwa kama mtu ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, vitambulisho vyenye maandishi hayo vilikaguliwa kwenye vizuizi vya barabarani, na watu wakauawa. Utafiti wa jenetiki, kuanzia kazi ya Richard Lewontin ya mwaka 1972, umeonyesha kwamba sehemu kubwa mno ya tofauti za binadamu, takriban asilimia 85, imo ndani ya kila kundi na si baina ya makundi. Swali la kigezo, basi, si mchezo wa wasomi.

Kisa cha pimbi

Turudi kwa mnyama wetu. Pimbi ana ukubwa wa sungura, uzito wake kwa kawaida haufiki kilo 5, ana manyoya, masikio mafupi, na hana mkia unaoonekana. Mitaani neno pimbi limekuwa hata tusi la kumwita mtu asiye na maana. Mwaka 1766 Peter Simon Pallas, mtaalamu wa Kijerumani, alipompa pimbi wa Rasi ya Tumaini Jema jina la kisayansi, alimweka katika jenasi ya simbilisi. Yaani alimhesabu miongoni mwa wagugunaji, pamoja na panya na kindi. Kwa sura ya nje ni uamuzi unaoeleweka kabisa.

Mwanzoni mwa karne ya 19 Georges Cuvier, aliyekuwa akifanya kazi katika makumbusho ya Paris, alichunguza mifupa ya pimbi. Cuvier aliamini kwamba viungo vya mwili vinategemeana, kiasi kwamba jino, utaya, tumbo na mguu vinaeleza habari moja. Mifupa ilimwambia jambo tofauti na manyoya. Magego ya pimbi yalifanana na ya kifaru, si ya panya. Vidole vyake, 4 mbele na 3 nyuma, vingi vina kucha butu zinazofanana na kwato. Cuvier akamwondoa pimbi kwa wagugunaji na kumweka pamoja na wanyama wakubwa wenye ngozi nene, kama vile kifaru na tembo. Fikiria mshangao wa wasomaji wake! Mwaka 1869 Thomas Henry Huxley alimpa pimbi oda yake mwenyewe, Hyracoidea.

Ushahidi mwingine uliongezeka polepole. Meno mawili ya mbele ya pimbi, kwenye utaya wa juu, hukua bila kukoma na kuchomoza kama pembe ndogo. Pembe za tembo nazo kwa hakika ni meno ya mbele ya utaya wa juu. Korodani za pimbi dume hubaki ndani ya tumbo, kama za tembo. Mimba ya pimbi huchukua miezi 7 hivi au 8, muda mrefu sana kwa mnyama wa umbo lile, ilhali ya simbilisi huchukua miezi 2 hivi. Hata hivyo wataalamu hawakukubaliana. Wengine walimvuta pimbi upande wa tembo na wengine upande wa kifaru na farasi, na mjadala huo uliendelea katika karne yote ya 20.

Kutoka umbo hadi ukoo

Kitu kilichobadilisha maana ya uainishaji ni kitabu cha Charles Darwin cha mwaka 1859 kuhusu asili ya spishi. Kabla ya hapo kufanana kulikuwa kufanana tu. Baada ya Darwin, kufanana kukawa ushahidi wa kuwa na babu mmoja. Lakini si kila kufanana. Popo na ndege wote wana mabawa, ila bawa la popo ni ngozi iliyotandwa juu ya vidole virefu, na la ndege ni manyoya yaliyopangwa juu ya mkono. Kila mmoja alilipata kwa njia yake. Kwa upande mwingine, nyangumi wana mifupa midogo ya nyonga iliyojificha ndani ya mwili, ingawa hawana miguu ya nyuma. Mifupa hiyo ni masalia ya babu aliyetembea nchi kavu. Sifa ndogo iliyofichika inaweza kusema kweli kuliko umbo zima.

Mjerumani Willi Hennig, kuanzia mwaka 1950, aliweka kanuni kali zaidi: undugu uthibitishwe kwa sifa mpya ambazo kundi lilizirithi kwa pamoja kutoka kwa babu wa karibu, wala si kwa sifa za kale ambazo kila mtu anazo. Kisha zikaja mbinu za kusoma chembe za urithi. Mwaka 1998 watafiti walipendekeza jina Afrotheria kwa kundi linalowajumuisha tembo, nguva, pimbi, muhanga, njule na ndugu zao wengine. Babu yao aliishi Afrika wakati bara hili lilikuwa limetengwa na mengine kwa bahari. Nani angewaweka jamaa hawa katika nyumba moja kwa kuwatazama? Mmoja ana mkonga, mwingine anaogelea, mwingine anachimba mashimo ya mchwa. Pimbi akapata jibu lake: ndugu zake wa karibu ni tembo na nguva. Mwaka huo huo wa 1998, kikundi cha wataalamu kilichapisha mpango mpya wa mimea itoayo maua uliotegemea chembe za urithi.

Je, maumbile yamepitwa na wakati? La. Visukuku vya kale vina maumbile tu, kwa kuwa chembe za urithi huharibika. Ni kwa mifupa na meno tunajua kwamba miaka zaidi ya milioni 30 iliyopita, huko Fayum nchini Misri, waliishi pimbi wa aina nyingi, baadhi yao wakubwa sana kuliko hawa wa leo. Aidha, kila uchunguzi bado huanza na jicho. Mfano mzuri ni kipunji, nyani wa milima ya kusini mwa Tanzania. Wanyakyusa wa Rungwe walikuwa na jina lake kabla ya wanasayansi kumjua. Mwaka 2005 alitangazwa kuwa spishi mpya, na kwa kuwa picha tu ndizo zilizokuwapo, aliwekwa katika jenasi ya mangabe. Baadaye mmoja alinaswa na kufa katika mtego wa mkulima. Mwili wake ulipochunguzwa, pamoja na chembe za urithi, ilionekana kwamba yu karibu zaidi na nyani wa kawaida. Mwaka 2006 akapewa jenasi mpya, Rungwecebus.

Lugha nazo zina mifupa

Uhusiano wa historia hii na taaluma yetu ni wa kweli, tena wa damu. Wilhelm Bleek, aliyelipa neno Bantu nafasi yake katika isimu na kuzipa ngeli za nomino namba katika kitabu chake cha mwaka 1862, alikuwa binamu ya Ernst Haeckel, mwanabiolojia aliyeeneza nadharia ya Darwin Ujerumani. August Schleicher, aliyechora lugha kama mti wa ukoo, alichapisha mwaka 1863 barua ya wazi kwa Haeckel huyo huyo kuhusu Darwin na isimu. Wanaisimu na wanabiolojia walikuwa wakiazimana zana.

Ndiyo maana kosa la Pallas linajulikana katika uwanja wetu pia. Wapo hata leo, hasa katika nchi zetu za bara, wanaosema Kiswahili ni Kiarabu kwa kuwa kina maneno kama kitabu, habari, dhambi na hayawani, na kwa kuwa kiliandikwa kwanza kwa hati ya Kiarabu. Hayo ni manyoya. Mifupa ya lugha ni ngeli zake, viambishi vya vitenzi, mnyambuliko na msamiati wa msingi, na hiyo ni ya Kibantu. Hata wataalamu walihitaji muda. Malcolm Guthrie aligawa lugha za Kibantu katika kanda, hasa kwa urahisi wa marejeo, na Kiswahili kikapata G42 huku Kimijikenda na Kipokomo zikiwa katika kanda E. Mwaka 1993 Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, kwa kufuata mabadiliko ya sauti na ya sarufi yaliyorithiwa kwa pamoja, walieleza kwa kina kwamba Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro ni ndugu wa kundi moja, Sabaki. Mgomba ulikutana na tangawizi.

Pimbi darasani

Sasa tunaweza kuliuliza swali la kichwa cha makala haya kwa maana yake ya kisarufi. Kwa umbo, pimbi ni nomino kama nyumba na nguo, ambayo haibadiliki katika wingi. Kiboko, kifaru na kipunji zina umbo la KI-VI. E. O. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, alipanga ngeli kwa viambishi vya nomino. Mtazamo wa upatanisho wa kisarufi, unaotawala vitabu vingi vya shule sasa, unatazama kitenzi: pimbi analala, kiboko anaogelea, kipunji anakula. Wote wanaingia A-WA.

Hapa ndipo penye jambo la kumhusu mwalimu wa nchi hizi. Mwanafunzi wa Kiganda, Kinyarwanda au Kirundi hutuandikia mara nyingi "ng'ombe inakula" na "mbwa yangu inalia". Kwa haraka tunatia alama nyekundu na kumwona mzembe. Lakini katika lugha yake ya kwanza, ng'ombe hupatana kwa kufuata ngeli ya umbo lake, kama nomino nyingine zote za ngeli hiyo. Mwanafunzi huyu anaainisha, tena kwa kanuni thabiti. Anachokosa ni habari kwamba Kiswahili sanifu kimekipa uhai uzito kuliko umbo. Akielezwa hivyo ataelewa kanuni. Akisahihishwa tu bila maelezo atakariri orodha na kuisahau.

Tena atauliza swali la haki: mbona tunasema "ndugu yangu" na "mama yangu", si "ndugu wangu"? Tusimjibu kwamba lugha haina mantiki. Hayo ni masalia ya upatanisho wa umbo yaliyobaki katika majina ya jamaa, kama mifupa ya nyonga ndani ya mwili wa nyangumi. Yanaonyesha Kiswahili kilikotoka, na kwamba lugha ya mwanafunzi huyo na Kiswahili ni watoto wa babu mmoja.

Hitimisho

Tumeona kwamba uainishaji wa viumbe ulianza kwa sifa za nje, ukaenda kwenye ua, mbegu na mifupa, kisha kwenye ukoo na chembe za urithi. Katika safari hiyo hakuna kigezo kilichokuwa cha bure. Kila kimoja kilijibu swali fulani. Al-Jahiz alijibu swali la mwendo, Linnaeus swali la utafutaji, Darwin swali la asili. Madhara yalitokea pale jibu la swali moja lilipogeuzwa kuwa jibu la maswali yote, na zaidi pale lilipotumiwa kuwapanga watu kwa thamani.

Napendekeza kwamba tunapofundisha ngeli, tuanze kwa kuwapa wanafunzi majani, mbegu na picha za wanyama wa mazingira yao wazipange wenyewe, kisha watueleze walitumia kigezo gani na kigezo hicho kilimwacha nani nje. Ndipo tulete nomino. Mwanafunzi aliyekwisha kubishana na wenzake kuhusu mahali pa popo na mgomba hatashangaa kusikia kwamba kiboko ana umbo la KI-VI na upatanisho wa A-WA. Atauliza tu ni sifa ipi iliyopewa uzito, na kwa nini. Swali hilo likishaingia darasani, mwalimu atakuwa amemaliza nusu ya kazi yake.